Sanduku na Daftari: Historia ya Masanduku ya Mbao ya Mashindano ya Vigari vya Mfuo

1. Utangulizi

Wanahistoria wamezoea kutafuta habari za kale katika maandishi, katika masimulizi ya wazee na katika vitu vilivyofukuliwa ardhini. Vitu vya nyumbani vya karne ya 20, hasa vile vya michezo ya vijana, havijapewa nafasi kubwa katika utafiti, kwa kuwa huonekana kuwa ni vya juzi tu na visivyo na uzito. Makala haya yanashughulikia kimojawapo cha vitu hivyo: sanduku la mbao ambalo vijana na watu wazima wa Uingereza na Marekani walilibeba mkononi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipokwenda kushindanisha vigari vidogo vya umeme. Leo masanduku hayo hutafutwa na wakusanyaji, huuzwa minadani, na mara nyingi huharibiwa na wale wale wanaodai kuyapenda.

Kabla ya kuendelea yafaa kueleza mchezo wenyewe. Kigari kinachohusika ni mfano mdogo wa gari la mashindano, chenye mota ndani yake. Chini ya sehemu ya mbele kimewekwa kijiti au ulimi unaoingia katika mfuo, yaani ufa mwembamba uliochongwa katika njia ya kukimbilia. Kandokando ya mfuo huo kuna tepe mbili za metali zinazopitisha umeme, na kigari huunyonya umeme huo kwa vibrashi vya waya laini. Mshindani hashiki usukani. Mfuo ndio unaoongoza. Kazi yake ni moja tu: kuongeza na kupunguza umeme kwa kidhibiti alichoshika mkononi. Akizidisha mno kwenye kona, kigari hutoka mfuoni na kuruka nje. Akipunguza mno, huachwa nyuma. Kwa sababu hiyo, katika makala haya vigari hivyo vitaitwa vigari vya mfuo.

Swali linaloongoza uchunguzi huu ni hili: sanduku la mbao lisilo na thamani kubwa ya fedha laweza kumfundisha nini mwanahistoria, na ni kitu gani kinachopotea pale linapotenganishwa na vilivyokuwamo?

2. Chimbuko la mchezo

Wazo la kuendesha kigari cha umeme katika mfuo si jipya. Nchini Marekani kampuni ya Lionel, iliyojulikana zaidi kwa treni zake ndogo, ilikwisha kuuza vigari vya namna hiyo tangu mwaka wa 1912. Hata hivyo jaribio hilo halikudumu, na kwa miaka mingi treni ndizo zilizotawala sebule za watoto wa Ulaya na Marekani.

Mwamko wa pili ulitokea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Katikati ya miaka ya 1950 mafundi wa vyama vya mifano midogo walijenga njia za mashindano kwa mikono yao. Wengine walitumia reli ndogo iliyoinuka juu ya njia, kigari kikiifuata. Wengine walichonga mfuo, na hatimaye mfuo ndio uliokubalika, kwa kuwa ulikiacha kigari kionekane kama gari la kweli na kukipa nafasi ya kuteleza upande upande kwenye kona.

Wakati huohuo mfanyabiashara Fred Francis, mwenye kampuni ya Minimodels, alikuwa akiuza vigari vya bati vilivyojazwa kwa springi, vikiitwa Scalex, ambavyo vilitoka mwaka wa 1952. Alivitia mota ya umeme, akaviwekea njia ya mpira yenye mifuo, akaunganisha neno Scalex na neno la umeme, likapatikana jina la Scalextric. Bidhaa hiyo ilioneshwa hadharani katika maonesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate mwezi wa Januari 1957. Maagizo yalikuwa mengi kuliko uwezo wa kiwanda chake kidogo cha Havant, na mwaka wa 1958 Francis aliiuza kampuni kwa Lines Bros, wenye alama ya Tri-ang. Vigari vya bati vikafuatwa na vigari vya plastiki, ambavyo vilikuwa rahisi kutengenezwa kwa wingi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Tangu mwanzo mchezo huu ulikuwa na nyuso mbili. Uso wa kwanza ni ule wa dukani: seti iliyofungwa katika boksi la karatasi ngumu, ikitandazwa sakafuni siku ya Krismasi na kurudishwa kabatini. Uso wa pili ni ule wa chama: njia kubwa ya mbao isiyohamishika, yenye mahali pake maalumu, ambayo mshindani huiendea akiwa amechukua vigari vyake. Mtoto mwenye seti ya dukani hakuhitaji sanduku la kubebea, kwa sababu mchezo ulimkuta nyumbani. Mwanachama alilihitaji, kwa sababu yeye ndiye aliyeufuata mchezo. Sanduku la mbao, basi, ni mtoto wa safari. Lilizaliwa pale njia na kigari vilipoacha kuwa vya mtu mmoja.

3. Majumba ya mashindano

Nchini Marekani safari hiyo ilipata sura ya biashara. Katika miaka ya 1960 yalifunguliwa majumba ya mashindano kwa maelfu, katika maduka yaliyokuwa matupu, katika vyumba vya chini na kandokando ya maduka ya mifano midogo. Kijana alilipa ada ya muda fulani, akapewa nafasi katika mojawapo ya njia. Njia nyingi zilikuwa na mifuo minane, kila mfuo na rangi yake: nyekundu, nyeupe, kijani, chungwa, buluu, njano, zambarau na nyeusi. Miongoni mwa njia zilizopata sifa ni ile iliyoitwa Blue King, yenye urefu wa futi 155 kwa mzunguko mmoja, yaani kama mita 47.

Kampuni nyingi zilikimbilia soko hilo: Revell, Monogram, Cox, Strombecker, K&B, Russkit na nyinginezo, huku Aurora ikishika soko la vigari vidogo zaidi vya mezani. Ujerumani ilikuwa na Carrera, Japani ilikuwa na Tamiya. Mota zilizosukuma sehemu kubwa ya vigari vya Marekani zilitoka Japani, katika viwanda vya Mabuchi. Magazeti ya mchezo, kama vile Car Model na Model Car Science, yalisomwa na vijana waliojifunza humo kulehemu, kusuka upya waya wa mota na kupima uzito wa kigari.

Katika majumba hayo mshindani alifika na mali yake yote. Alihitaji kidhibiti chake mwenyewe, ambacho kilichomekwa katika njia kwa waya tatu: mmoja wa kuleta umeme, wa pili wa kuupeleka kwenye mota, wa tatu wa breki. Alihitaji matairi ya akiba ya sponji, gia za ukubwa mbalimbali, ekseli, vibrashi, vipande vya risasi vya kuongezea uzito, bisibisi, koleo, chuma cha kulehemu na chupa za mafuta. Vitu vyote hivyo vilihitaji chombo kimoja. Wengine walitumia masanduku ya kuwekea ndoana na nyambo za wavuvi, ambayo yalipatikana kwa urahisi. Wengine walinunua masanduku ya mbao yaliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo huo. Na wengi walijitengenezea wenyewe kwa plaiwudi, misumari na gundi, katika karakana ya baba au katika darasa la useremala shuleni.

4. Sanduku lenyewe

Umbo la sanduku lilitokana na kazi yake. Kwa kawaida lilikuwa na kishikio juu, bawaba nyuma au kandoni, na komeo mbele. Kifuniko kilipofunguliwa kilionesha tabaka za vigari, kila kimoja katika chumba chake kilichotandikwa sponji au kitambaa laini. Chini yake palikuwa na saraka moja au zaidi, zenye vigawanyo vya kutenga gia na matairi. Baadhi yake yalifunguka kwa mbele kama kabati, ili mshindani apate kuchukua kitu bila kuinua kilicho juu yake. Kifuniko kilichoshushwa kiligeuka meza ya kazi, mahali pa kufungulia kigari kati ya raundi moja na nyingine.

Yeyote anayetaka kulisoma sanduku la namna hii huanza kwa kupima vyumba vyake. Mchezo ulitumia vipimo vikuu viwili: 1/32, uliopendwa zaidi Uingereza na katika seti za nyumbani, na 1/24, uliotawala majumba ya Marekani. Gari la mashindano lenye urefu wa mita 4 huwa na sentimita 12.5 katika kipimo cha kwanza, na karibu sentimita 17 katika kipimo cha pili. Kwa hiyo chumba chenye urefu wa sentimita 14 hakikukusudiwa kigari cha 1/24, hata muuzaji akiapa vipi.

Upana nao husema. Vigari vya mwanzo vilifuata umbo la magari ya kweli, na kigari cha 1/24 kilikuwa na upana wa sentimita 6 au 7. Kadiri miaka ilivyosonga, washindani walitambua kwamba kigari kipana na cha chini hakipinduki. Uaminifu kwa gari la kweli ukawekwa kando. Chesisi za shaba na waya mgumu zililehemiwa kwa mkono, mabodi mepesi ya plastiki yakapachikwa juu yake, na upana ukakaribia sentimita 8. Sanduku la mwaka wa 1964 halikuweza kulipokea kigari cha mwaka wa 1968. Ndiyo maana katika masanduku mengine huonekana alama za kigawanyo kilichong'olewa na kusogezwa: mwenye sanduku alilazimika kulipanua pamoja na mchezo. Alama hizo ni kovu la historia, na kwa mtafiti zina thamani kuliko vanishi yoyote.

Kuna pia ushahidi wa pua. Washindani walipaka matairi ya sponji mafuta ya wintergreen ili yashike njia vizuri zaidi. Harufu yake ni ile ile ya dawa ya kuchulia misuli inayojulikana katika nyumba nyingi. Ikiingia katika mbao isiyopakwa rangi hukaa humo kwa miaka mingi. Wakusanyaji wa siku nyingi hufungua sanduku na kulinusa kabla ya kulitazama.

5. Kuporomoka

Ustawi huo haukudumu. Kufikia mwaka wa 1968 majumba mengi ya Marekani yalikuwa yamefungwa au yakielekea kufungwa. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na zinahusiana. Kwanza, majumba yalifunguliwa mengi mno kwa muda mfupi, yakanyang'anyana wateja. Pili, kampuni zilitoa vigari vipya mfululizo, kiasi kwamba kilichonunuliwa mwezi huu kilipitwa mwezi ujao, na kijana wa kipato kidogo akakata tamaa. Tatu, na pengine kubwa kuliko zote, kasi yenyewe iliuua mchezo. Vigari vilipokuwa vya wastani, mgeni aliweza kushindana na mwenyeji. Viliposhika kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, ushindi ukawa wa mafundi wachache waliosuka mota zao wenyewe, na aliyeingia jioni ya kwanza akatoka na aibu. Mchezo uliofanikiwa kwa kuwakaribisha wengi uligeuka mali ya wachache.

Uingereza anguko lilikuwa la taratibu zaidi, kwa kuwa vyama havikutegemea faida. Lakini hata huko kampuni ya Lines Bros ilianguka mwaka wa 1971, ingawa Scalextric yenyewe iliendelea chini ya wamiliki wengine.

Kampuni zilipofunga milango, kumbukumbu nyingi zilitawanyika. Majumba ya mashindano yaliacha maandishi machache kuliko hata kampuni: njia zilivunjwa, vyumba vikapangishwa kwa biashara nyingine, madaftari ya washindi yakatupwa. Kilichobaki ni masanduku, yaliyosukumwa chini ya vitanda na juu ya dari na vijana walioitwa jeshini, walioingia kazini au waliooa. Waliyafunga siku fulani wakidhani kwamba watarudi wiki ijayo, na wengi hawakurudi. Kwa ajali hiyo kila sanduku lililofungwa likahifadhi jioni moja ya mwisho ya mchezo, pamoja na vitu vyake vyote katika nafasi zake.

6. Wakusanyaji

Ukusanyaji wa vigari vya mfuo ulipata nguvu pale vijana wa miaka ya 1960 walipofikia umri wa kuwa na fedha na kumbukumbu. Uingereza ilipata chama cha kitaifa cha wakusanyaji wa Scalextric mwaka wa 1981. Mwanzoni kilichotafutwa ni kigari, hasa kile kilicho katika boksi lake la dukani, kisichopata kuendeshwa. Sanduku la mbao halikuwa na mnunuzi. Wafanyabiashara walitoa vigari na mota, wakavipanga mezani, na sanduku wakalitumia kubebea bidhaa nyingine au wakalitupa.

Mtazamo ulibadilika taratibu, kwa sababu mbili. Kwanza, vigari visivyotumika vilipungua na bei zake zikapanda, hivyo wakusanyaji wapya wakageukia vitu vilivyodharauliwa. Pili, baadhi yao walichoka na kigari kipya kisicho na historia. Walitaka kitu kilichoshikwa na mtu. Sanduku lililochorwa namba ya mashindano kwa mkono usio mahiri, lenye stika za Champion, Goodyear au Castrol, liliwapa hicho walichokitafuta. Palipokuja biashara ya mnada kwa intaneti, baada ya eBay kuanzishwa mwaka wa 1995, masanduku yaliyofichika katika miji midogo yaliweza kumfikia mnunuzi wa mbali.

Lakini soko hilo hilo lililookoa masanduku ndilo lililoanza kuyaua. Hesabu yake ni nyepesi. Sanduku likiuzwa pamoja na vilivyomo humpatia muuzaji bei moja. Likivunjwa, kigari kikauzwa peke yake, mota peke yake, kidhibiti peke yake na gia katika vifuko, jumla huwa kubwa zaidi. Mwishowe hubaki sanduku tupu, nalo huuzwa kwa mnunuzi wa nne au wa tano. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya, na hata hivyo kuna kitu kilichotoweka.

7. Nini kinachopotea

Ili kukipima kilichopotea, tuseme pana sanduku la kufikirika lenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza kina kigari cha plastiki cha dukani, kizito, matairi yake yamekauka. Cha pili kina kigari cha aina ile ile, lakini mota imebadilishwa na uzito wa risasi umegandishwa chini. Cha tatu kina chesisi iliyolehemiwa kwa mkono, na lehemu yake imemwagika ovyo. Cha nne kina chesisi nyingine, na humo lehemu ni safi, kila ungio limekaa sawa. Katika saraka mna vipande vya tepe ya rangi nane vilivyobandikwa kwenye vigari kulingana na mfuo, na tepe ya njano imekwisha kuliko zote.

Vigari hivyo vinne vikiwa pamoja ni wasifu wa mtu. Vinaonesha mwanafunzi aliyeanza kwa kununua, akajaribu kurekebisha, akakosea, kisha akawa fundi. Tepe iliyokwisha yaonesha mfuo aliopangiwa au aliopendelea mara nyingi. Kila kimoja kikiuzwa mahali pake, kigari cha kwanza huwa mfano wa kawaida usio na bei, cha tatu huwa takataka, na cha nne huwa kazi ya fundi asiyejulikana. Lehemu iliyomwagika haina maana isipokuwa pembeni mwa ile iliyonyooka. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Sanduku lililokamilika ndilo linaloonesha uundaji wenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na makosa yake.

Hasara ya pili hutokana na utengenezaji upya. Mnunuzi wa sanduku tupu huliona limechakaa. Hulipiga msasa, hulipaka vanishi mpya, hubadili bawaba zilizoshika kutu na kuondoa stika zilizochanika. Akimaliza ana sanduku zuri lisilo na umri. Jina la mwenyewe lililoandikwa kwa penseli chini ya kifuniko limekwenda na vumbi la msasa. Watetezi wa kazi hiyo husema kwamba mbao isiyotunzwa huoza, na kwamba kitu kizuri hupendwa na hivyo hudumu. Hoja hiyo ina ukweli wake: chuma chenye kutu hakina budi kuzuiwa kisiendelee kuliwa, na sponji ya zamani inayoyeyuka hainabudi kutenganishwa na bodi ya plastiki kabla haijaiharibu. Lakini kuzuia uharibifu ni jambo moja, na kufuta umri ni jambo jingine. La kwanza ni kazi ya mhifadhi; la pili ni kazi ya muuzaji.

Hasara ya tatu ni udanganyifu. Kadiri masanduku halisi yanavyopungua, ndivyo mapya yanavyozeeshwa. Hapa maarifa ya vifaa husaidia. Ubao wa nyuzi uliokandamizwa, ule unaoitwa MDF, haukuenea Ulaya kabla ya miaka ya 1980. Sanduku la Kiingereza linalodaiwa kuwa la 1962 na lina kigawanyo cha ubao huo, ama limedanganywa ama limerekebishwa. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilizoeleka Marekani mapema, lakini katika karakana ya nyumbani ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtu hutarajia zaidi skrubu za mfuo mmoja. Vipande vya risasi vilivyokaa miaka mingi katika saraka ya mwaloni hufanya ukungu mweupe, kwa kuwa mti huo hutoa mvuke wenye asidi unaoila risasi. Risasi inayong'aa ndani ya mwaloni unaodaiwa kuwa wa miaka 60 humfanya mtu aulize. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Zikikubaliana tatu au nne, mtafiti huweza kusema neno kwa kujiamini.

8. Sanduku katika lugha

Kiswahili kinayo hazina ya maneno kwa vyombo vya namna hii, na hazina hiyo nayo ni historia. Sanduku limetoka Kiarabu. Kasha limetoka Kireno, kama bweta, ambalo ni kisanduku kidogo cha kuwekea vitu vya thamani. Kila neno lilikuja na chombo, na kila chombo kilikuja na safari ya baharini au ya nchi kavu. Msemaji wa Kiswahili anajua tangu zamani kwamba kasha si mbao tu. Ni mahali mtu anapoweka hati zake, nguo zake za heshima na siri zake, na ndilo linalofunguliwa mbele ya mashahidi mwenyewe anapofariki.

Kwa kifaa kinachojadiliwa hapa, neno sanduku lafaa kuliko mengine, kwa kuwa kasha laelekea kuwa kubwa na lisilobebwa kwa mkono mmoja, na bweta laelekea kuwa dogo na la mapambo. Neno mfuo nalo limechaguliwa kwa sababu linataja alama iliyochimbwa kwa urefu, bila kuleta picha ya maji kama neno mfereji, wala ya chuma kama neno reli. Istilahi hizo zimetolewa hapa kwa ajili ya kujadiliwa, kwani mchezo huu haujapata kuandikwa sana kwa Kiswahili.

9. Hitimisho

Yawezekana msomaji kuuliza ni faida gani kwa chuo kikuu cha Kiafrika kujishughulisha na masanduku ya vijana wa Uingereza na Marekani. Jibu liko katika swali lenyewe la utafiti. Wanaofanya kazi katika makumbusho ya Afrika wanafahamu uchungu wa kupokea kinyago kisicho na jina la kijiji kilikotoka, la aliyekichonga wala la siku kilipochezwa. Kinyago kipo, na uzuri wake upo, lakini maelezo yake yalibaki njiani, kwa sababu aliyekichukua alitaka umbo tu. Sanduku la vigari, katika nchi tajiri na katika zama za kamera, linapatwa na mkasa unaofanana na huo, mbele ya macho ya watu walio hai. Tofauti iko katika nguvu: kinyago mara nyingi kilichukuliwa na mwenye mamlaka, sanduku limeuzwa na mrithi kwa hiari yake. Lakini mwisho wao unakaribiana. Kitu kinabaki, habari zake zinapotea.

Mafunzo yanayotokana na uchunguzi huu ni mepesi, na yanahusu kila anayekusanya, awe anakusanya masanduku ya mashindano, vigari vya waya vilivyotengenezwa na watoto wa miji ya Afrika, au redio za kale. Kwanza, kabla ya kukitoa kitu mahali pake, kipigwe picha kikiwa mahali pake. Pili, iandikwe orodha ya vyote vilivyokuwamo, hata vile visivyo na bei: tepe, karatasi, skrubu moja iliyopotea njia. Tatu, aulizwe mwenyewe angali hai. Vijana wa mwaka wa 1965 sasa ni wazee, na wengi wamekwisha kufariki. Nne, kitakachorekebishwa kiandikwe kwamba kimerekebishwa, na lini.

Methali ya Kiswahili yasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara. Katika suala hili yawahusu wakusanyaji na wanahistoria kwa kiasi kile kile. Sanduku la mbao lenye vyumba vinne lilikuwa lenyewe ni daftari, lililoandikwa kwa lehemu, kwa tepe na kwa harufu ya mafuta. Anayelivunja ili auze kurasa zake moja moja hupata fedha zaidi, na baada yake hakuna atakayeweza kulisoma tena.